Nani Atazamwe Kwanza? Mjadala wa Vinyama vya Utumbo Katika Nchi ya Chai

Ukitaja saratani huko Bomet, Kenya, msikilizaji hushika koo. Ana sababu. Mwaka 2002 madaktari wa Hospitali ya Tenwek waliandika katika jarida la Lancet kwamba saratani ya umio wilayani humo ilikuwa ikiwapata hata vijana. Mwaka 2016 watafiti wa hospitali hiyo hiyo wakaripoti kwamba katika watu 305 wa eneo hilo wasio na dalili yoyote, asilimia 14.4 walikutwa na chembe zilizokwisha kuanza kuharibika kwenye umio. Kutoka Silibwet hadi Litein si vigumu kumpata mtu aliyemuuguza ndugu ambaye alishindwa kumeza ugali, kisha uji, mwishowe hata maji.

Kwa hofu hiyo ya koo, utumbo mpana umesahaulika. Madaktari wa Tenwek wamechapisha pia kwamba wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana wanaofika kwao wamekuwa wakiongezeka. Tarehe 26 Julai 2019 ugonjwa huu ulimwondoa Ken Okoth, mbunge wa Kibra, akiwa na miaka 41. Siku tatu baadaye akafariki gavana wa Bomet, Joyce Laboso, naye baada ya kupambana na saratani. Nchi ililia kwa wiki nzima, lakini swali la utumbo halikukaa midomoni mwa watu hata msimu mmoja wa mvua.

Nataka likae. Saratani nyingi za utumbo mpana huanzia kwenye vinyama vidogo vinavyoota ukutani mwa utumbo, ambavyo madaktari huviita polipu. Kinyama kikionekana mapema hukatwa siku hiyo hiyo, na saratani ambayo ingetokana nacho haitokei. Ni magonjwa machache sana ya aina hii yanayotupa nafasi kama hiyo. Swali ni nani apewe nafasi hiyo kwanza, mahali ambapo kamera za kutazama ndani ya utumbo ni chache na foleni ni ndefu. Sauti nne zinazofuata nimezitunga kutokana na hoja zinazozungumzwa kweli katika nchi ya chai: mkulima mzee wa Bureti, mwalimu mstaafu wa baiolojia kutoka Sotik, muuguzi wa chumba cha kamera, na kijana anayefanya kazi katika shamba kubwa la chai Kericho.

MKULIMA: Mimi nina miaka 63. Baba yangu aliaga akiwa na zaidi ya 90 na hakuna mtu aliyewahi kumwingiza kamera nyuma. Tulilelewa kwa kimnyet, yaani ugali wa wimbi, mboga za isagek na maziwa. Huu ugonjwa wa utumbo ni wa Wazungu na wa watu wa Nairobi. Sisi tuhangaikie koo.

MWALIMU: Mzee, uliyoyasema aliyasema daktari mkubwa kabla yako. Denis Burkitt alikuwa mpasuaji Kampala, Hospitali ya Mulago. Aliziandikia hospitali nyingi za Afrika akiuliza wanaona magonjwa gani na wanaona mangapi. Mwaka 1971 akaeleza kwamba saratani ya utumbo mpana, na hata polipu zenyewe, ni nadra kwa Mwafrika wa kijijini, kwa sababu anakula chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Choo chake ni kingi, ni laini, na hakikai tumboni siku nyingi.

MKULIMA: Basi si umeniunga mkono?

MWALIMU: Nimemuunga mkono marehemu baba yako. Wewe wimbi uliliacha lini? Shamba la wimbi ulilipanda chai. Ugali wako leo ni wa unga mweupe wa pakiti, uliokobolewa mpaka ukabaki wanga mtupu. Vijana wako wakishuka stendi ya Kericho wanapasuliwa smoki mbili kabla ya kupanda matatu. Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama ya kusindikwa, soseji na smoki zikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka. Gramu 50 kila siku, ambayo ni kama soseji moja, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa kundi la pili, la vitu ambavyo huenda vinasababisha.

MKULIMA: Hata nyama ya mbuzi?

MWALIMU: Hata ya mbuzi, mzee. Lakini sikukatazi. Kula kidogo, na isagek iwe nyingi.

Mwalimu angeweza kutaja jaribio lililochapishwa mwaka huo huo wa 2015. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana chakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipewa mahindi na maharage, wanakijiji wakapewa nyama na mafuta. Kabla ya kubadilishana, wote walitazamwa kwa kamera: Wamarekani 9 walikutwa na polipu, wanakijiji hakuna hata mmoja. Baada ya wiki hizo mbili, utando wa utumbo wa Wamarekani ulionyesha dalili chache za hatari, na wa wanakijiji ukaonyesha nyingi zaidi. Ngozi ilikuwa ya asili moja, sahani ndiyo iliyotofautiana. Ndiyo maana siikubali kauli kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Ni ugonjwa unaofuata maisha, na maisha ya Bureti yamebadilika.

Burkitt namheshimu. Lakini hesabu zake zilitoka hospitali ambazo hazikuwa na kamera ya utumbo, na polipu haiumi, haivimbishi tumbo, wala haionekani kwa macho ya nje. Ugonjwa ulikuwa kweli nadra, naamini hivyo. Ila sehemu ya unadra huo ilitokana na kutotazama. Tena chakula hakiwezi kueleza kila mgonjwa. Kuna anayerithi, na huyo hata akila wimbi maisha yake yote, hatari anayo.

KIJANA: Niseme la nyumbani. Ndugu yangu mkubwa alianza kuona damu chooni. Akaenda kituo kimoja, wakampa dawa ya bawasiri bila kumwangalia. Ikarudi. Akaenda kwingine, wakasema ni amiba, akapewa vidonge. Akachoka, akakonda, wakampima wakasema damu imepungua, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Ulipita mwaka mzima. Alipofikishwa kwenye kamera alikuwa na miaka 42 na uvimbe ulikuwa umekaribia kuziba. Hakumaliza mwaka mwingine.

MUUGUZI: Pole sana, ndugu yangu. Mambo kama hayo tunayasikia kila mara, na yananiuma, kwa sababu damu ile ilikuwa inaomba kitu kimoja tu, kutazamwa.

MKULIMA: Sasa nielezeni. Hicho kinyama kinakuwaje saratani?

MUUGUZI: Utando wa ndani wa utumbo, mzee, hujibadilisha upya kila siku chache. Chembe za zamani hufa, mpya huzaliwa. Pakitokea hitilafu kwenye vinasaba vya chembe, chembe hiyo inaanza kuzaana bila breki, na panaota kinyama. Kikiwa cha milimita 3 au 4, mara nyingi hakina neno. Vingine, hasa vile vidogo vya karibu na njia ya haja, havigeuki kabisa. Lakini kuna aina iitwayo adenoma, na nyingine ya bapa yenye meno kama msumeno. Hizo zikikua, hitilafu zinarundikana juu ya hitilafu, mpaka siku moja kinyama kinapenya ndani ya ukuta na kuwa saratani. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka kama 10 au zaidi.

MKULIMA: Kwa hiyo si kila kinyama ni kifo.

MUUGUZI: La hasha. Vingi havifiki huko. Mwaka 1987 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliangalia rekodi za zamani za watu 226 waliokuwa na polipu za sentimita moja au zaidi ambazo hazikukatwa. Baada ya miaka 5, asilimia 2.5 walikuwa wamepata saratani pale pale penye kinyama. Baada ya miaka 10, asilimia 8. Baada ya miaka 20, asilimia 24.

MKULIMA: Hiyo naielewa. Ni kama kuvu wa mizizi kwenye chai. Anakaa chini kwenye kisiki miaka, kichaka kinaendelea kuchipua, unachuna tu. Ukija kuona majani yamekuwa manjano, amekwisha kuhamia kwa majirani. Ndiyo maana tunang'oa visiki kabla ya kupanda.

MUUGUZI: Na sisi tunang'oa, mzee. Kuna kitanzi cha waya kinachopita ndani ya kamera. Tunakivisha shingoni mwa kinyama, tunakaza, tunapitisha umeme kidogo, kinakatika. Kinatolewa, kinapelekwa maabara. Njia hiyo ilianzishwa New York mwaka 1969 na William Wolff na Hiromi Shinya. Kabla ya hapo ilibidi mtu apasuliwe tumbo.

Hapa ndipo mwalimu alipotaka kufika tangu mwanzo, na hapa ndipo mimi na yeye tunapoachana.

MWALIMU: Basi jibu liko wazi. Mwongozo wa taifa wa mwaka 2018 unataka uchunguzi uanze kwenye miaka 45. Marekani nao walishusha kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021. Kila mtu wa Kericho na Bomet akifika 45 apigwe kamera. Utafiti wa Winawer na wenzake wa mwaka 1993, wenye wagonjwa 1,418, ulionyesha kwamba waliokatwa polipu walipata saratani pungufu kwa asilimia 76 hadi 90 kuliko ilivyotarajiwa. Tunangoja nini?

MUUGUZI: Mwalimu, ninakuheshimu, lakini hujasimama kwenye kile chumba siku ya Jumatatu. Kwenye benchi kuna mama asiyemeza hata mate anayengoja kuwekewa mpira wa kufungua umio. Kuna mzee anayetapika damu. Kuna kijana mwenye damu chooni. Wauguzi ni hao hao, mashine ya kuoshea kamera ni hiyo hiyo. Ukiniletea wazima wote wenye miaka 45, hawa nitawaweka wapi?

MWALIMU: Ongezeni vyumba.

MUUGUZI: Tuongeze, ndiyo. Lakini hata wenye vyumba hawakupata ulichotarajia. Poland, Norway na Sweden walifanya jaribio kubwa, matokeo yakatoka mwaka 2022. Watu waliitwa kwa barua waje wapigwe kamera. Waliokuja walikuwa asilimia 42. Baada ya miaka 10, kundi lililoalikwa lilikuwa na saratani pungufu kwa asilimia 18. Ilibidi waalikwe watu 455 ili kuzuia saratani kwa mtu mmoja. Na huko ugonjwa huu ni wa kawaida kuliko kwetu. Kwetu tungealika wangapi?

MWALIMU: Asilimia 18 ni kwa wote walioalikwa, pamoja na walioikataa ile barua. Waliokuja walifaidika zaidi.

MUUGUZI: Nakubali. Kamera si ya kubishaniwa. Ninachobishania ni mpangilio wa foleni.

Muuguzi yuko sahihi, na nasema hivyo bila kusitasita. Mwalimu anasoma namba za nchi ambazo zina mtu wa kutazama, mtu wa kusoma kipande maabara, na barabara ya kumrudisha mgonjwa baada ya miaka mitatu. Maana kamera moja haimalizi kazi. Aliyekutwa na kinyama kikubwa hurudi baada ya miaka kama 3. Mwenye kimoja au viwili vidogo anaweza kungoja 7 hadi 10. Uchunguzi usio na daftari la kumrudisha mtu ni nusu ya uchunguzi.

Lakini mwalimu akishindwa hapo, asishindwe kila mahali. Kuna kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Mtu huchukua kidogo nyumbani, hutia kwenye kichupa, hupeleka. Hakihitaji kufunga kula, hakihitaji kunywa ile dawa ya kusafisha tumbo inayomkimbiza mtu chooni usiku kucha. Hukosa polipu nyingi ndogo, ndiyo maana hurudiwa kila mwaka, na anayekutwa na damu ndiye anayepelekwa kwenye kamera. Zahanati za mashamba ya chai huhudumia wafanyakazi wanaojulikana kwa jina na namba. Kama kuna mahali vijijini Kenya ambapo kipimo cha kila mwaka kingewezekana, ni pale.

KIJANA: Ndugu yangu angepewa kichupa hicho?

MUUGUZI: Hapana. Kichupa ni cha mtu asiye na dalili. Ndugu yako damu aliiona mwenyewe. Mtu wa namna hiyo kwanza aulizwe vizuri, apimwe kwa kidole, kisha aende kwenye kamera.

MKULIMA: Kidole?

MUUGUZI: Kidole na glavu, mzee. Baadhi ya uvimbe uko chini kabisa, kidole kinaugusa. Dakika moja. Kila kituo cha afya kina glavu. Ndicho kipimo tunachokiruka kuliko vyote.

MKULIMA: Binti yangu, wewe ni rika la mwanangu wa mwisho. Unataka mimi nivue suruali mbele yako?

MUUGUZI: Sitaki, mzee. Ndiyo maana utasema, na utapewa mwanamume. Kuna haki ya kuomba hivyo na hakuna atakayekucheka. Lakini usirudi nyumbani bila kupimwa. Mficha uchi hazai.

MKULIMA: Hilo tuliambiwa na bibi zetu kwa habari ya uzazi.

MUUGUZI: Leo nakuambia mimi kwa habari ya utumbo.

Nimekaa kwenye jambo hili la aibu kwa sababu naona ndilo linalochelewesha watu kuliko nauli. Mwanamume wa Kipsigis anaweza kusimulia kuvunjika mguu au kung'olewa jino mbele ya wazee wenzake. Damu chooni hamwambii hata mkewe. Anaponunua dawa ya bawasiri dukani, ananunua pia ukimya wa miezi sita. Mhudumu wa afya naye, akiona mzee amekunja uso, hushukuru kuandika neno bawasiri na kumpa cheti chake. Wote wawili wamelindana heshima, na uvimbe umepata muda. Bawasiri ipo, tena ni ya kawaida kuliko saratani kwa mbali. Lakini mtu anaweza kuwa na bawasiri na polipu pamoja, na damu haina alama ya kusema imetoka wapi. Kwa hiyo damu inayorudi, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, au upungufu wa damu kwa mwanamume mzima na kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, vyote vinastahili kamera kabla ya mtu yeyote mwenye miaka 45 asiye na tatizo. Na visidharauliwe kwa kijana. Okoth hakuwa hata amefika 45.

MKULIMA: Gharama je? Siku hizi bima ya afya ni SHA, hatujaizoea. Na bonasi ya chai inakuja Oktoba, ugonjwa haungoji Oktoba.

KIJANA: Sisi tuliuza ng'ombe wawili na tukafanya harambee. Pesa zilienda kwenye upasuaji na dawa, na zilikuwa nyingi. Kamera ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko vyote, na ndiyo iliyokuja mwisho.

MWALIMU: Haya, nimesikia. Wenye damu kwanza. Wa pili ni nani?

MUUGUZI: Wa pili ni huyu kijana hapa.

KIJANA: Mimi? Mimi niko sawa. Nabeba majani kilo nyingi tu.

MUUGUZI: Najua uko sawa. Mtu ambaye mzazi wake, ndugu yake au mtoto wake amepata saratani ya utumbo mpana ana hatari kama mara mbili ya mtu wa kawaida, na zaidi ikiwa yule ndugu aliugua kabla ya miaka 50. Kuna familia zenye hitilafu ya kurithi inayoitwa Lynch. Hapo polipu huwa chache lakini hugeuka haraka. Kuna nyingine ambapo kijana mdogo tu anakutwa na mamia ya vinyama. Hizo si nyingi, lakini hatuwezi kuzijua tusipouliza. Kanuni inayotumika ni hii: anza ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yako aligunduliwa, kutegemea kipi kinatangulia.

KIJANA: Hospitalini hakuna aliyetuambia hivyo.

Hili ndilo ninalolidai, na nalidai kwa hospitali zote za kaunti za Bomet na Kericho: ile ya Longisa, ya Kapkatet, ya Kericho na zile za misheni. Kila mgonjwa anayepewa majibu ya saratani ya utumbo mpana apewe pia barua kwa ajili ya ndugu zake. Karatasi moja, kwa Kiswahili na kwa Kikalenjin: ndugu yenu amepatwa na hiki, alikuwa na umri huu, nanyi fikeni hapa mkifikia umri huu. Nakala ibaki hospitalini, na mhudumu wa afya ya jamii ajue boma ni lipi. Haihitaji mashine mpya. Familia za huku ni kubwa na zinajuana. Mgonjwa mmoja anaweza kuwafungulia mlango watu 8 au 10 ambao hatari yao iko juu kweli. Hao ndio wa kuwapa nafasi za kamera zinazobaki baada ya wenye damu. Wengine wote wapate kichupa, kama serikali za kaunti zitakinunua.

MWALIMU: Na ikiwa kamera itatoboa utumbo wa mtu mzima asiyekuwa na dalili?

MUUGUZI: Hutokea, kwa nadra sana. Kuvuja damu baada ya kukata kinyama nako kupo. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza na wale ambao faida yao ni kubwa. Mtu aelezwe kabla ya kutia sahihi.

MKULIMA: Mimi sina damu, sina ndugu mwenye ugonjwa huo. Kwa hiyo nirudi shambani.

MUUGUZI: Urudi na kichupa, mzee. Una miaka 63.

MKULIMA: Kichupa sawa. Hicho hakinivui nguo.

KIJANA: Sista, nihesabie. Kaka aligunduliwa akiwa na 42. Ukitoa 10 ni 32. Mimi nina 29. Kuna dada yangu Kapsoit mwenye 35, mwingine Nakuru mwenye 39, na mdogo wetu yuko kidato cha nne.

MUUGUZI: Wewe una miaka mitatu, usiisahau. Mdogo wenu bado. Dada zako wawili wamekwisha kupita umri wa kuanza, waje mwezi huu. Na mama yenu?

KIJANA: Mama yuko hai. Ana 66.

MUUGUZI: Aliwahi kulalamika tumbo?

KIJANA: Anasema ana bawasiri.

MUUGUZI: Basi mama atangulie.